Milioni Ishirini kwa Tusi, Laki Mbili kwa Uchi wa Binti

Kisumu Ndogo, huku Kibera, hakuna mtandao. Vijana wa hapa watanicheka, maana kuna siku wanakosa unga lakini bando hawakosi. Nasema hakuna mtandao kwa maana ile ya waheshimiwa bungeni, wanaouzungumzia kana kwamba ni nchi ya mbali ambayo mtu huvuka mpaka kuingia na kutoka. Huku kwetu aliyekuandikia komenti saa nne usiku ndiye utakayepanga naye foleni ya maji alfajiri. Kundi la WhatsApp la ploti lina watu wale wale wanaotumia choo kimoja. Ukitukanwa Lavington, kwa matajiri, unazima simu, unashusha pazia, unalala. Ukitukanwa Kisumu Ndogo, tusi linakungoja mlangoni na mtungi wake wa lita ishirini mkononi.

Mwaka juzi binti mmoja wa ploti yetu alisambaziwa picha. Sitamtaja, wala sitasema anafanya kazi gani. Alikuwa amempa mpenzi wake picha hizo, mpenzi akaachwa, akaamua kulipiza. Picha nne. Zilianzia katika kundi la timu ya mpira, zikaingia kundi la ploti, zikafika hadi kundi la kwaya. Katika zote nne kulikuwa na shuka la maua kitandani. Kufikia Ijumaa wahudumu wa bodaboda kwenye steji walikuwa wameacha kumwita kwa jina lake. Wakimwona tu: "Maua! Maua, twende?"

Nilimsindikiza kituoni. Dawati la jinsia lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Afisa wa zamu akaomba auone ushahidi. Akauona. Akampa mwenzake simu, naye akauona, tena kwa utulivu wa mtu anayesoma gazeti. Kisha likaja swali ambalo kila msichana wa nchi hii analijua kabla hajaulizwa: "Kwani wewe ulipiga picha kama hizi za nini?" Tukaondoka na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, iliyoandikwa kwenye kikaratasi kilichochanwa daftarini, pamoja na ushauri kwamba tukipata kitu kidogo cha mafuta, gari litatoka kumtafuta mshukiwa. Mshukiwa anaishi hatua mia tatu kutoka kwetu, na hakuna gari linaloweza kupita kwenye kichochoro chake.

Basi msinihesabu pamoja na wale mabwana wa semina wanaosema kwamba dawa ya ukatili wa mtandaoni ni kuzima simu. Mimi nataka mtu afungwe. Nilitaka afungwe siku ile na bado nataka. Hasira yangu ni kwamba nchi hii ina sheria ya kumfunga, tena yenye meno marefu kuliko zote Afrika Mashariki nilizowahi kusoma, ila meno hayo yameelekezwa kwingine kabisa.

Sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliitia saini Mei 2018. Isome jinsi unavyosoma ubao wa bei kwenye kibanda cha chipsi. Kifungu cha 27, unyanyasaji wa mtandaoni: faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sasa shuka chini hadi kifungu cha 37, kusambaza picha za utupu au za faragha za mtu mwingine: faini isiyozidi shilingi 200,000, au miaka 2, au vyote viwili.

Rudi usome tena, pengine utadhani ni makosa ya mpiga chapa.

Chumba cha mabati kwetu tukikadirie kuwa shilingi 3,000 kwa mwezi. Milioni 20 ni kodi ya miaka 555. Laki mbili ni kodi ya miaka mitano na nusu. Hivyo ndivyo Bunge la Kenya lilivyopima maumivu. Ukimwandikia mtu maneno ya kumuudhi kupita kiasi, bei ya juu ni karne tano na nusu za kodi. Ukimvua binti nguo mbele ya mtaa mzima, hadi mbele ya kwaya anayoimbia, tutakuhurumia.

Na kama bado unadhani ni ajali, chukua Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyozaliwa na damu ya uchaguzi wa 2007. Kibera tunaikumbuka damu hiyo. Tunakumbuka jumbe fupi zilizokuwa zikiingia kwenye simu kabla ya panga kufika, na reli iliyong'olewa. Sheria hiyo inasema mwenye kuchochea kabila dhidi ya kabila atatozwa faini isiyozidi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3. Kwa hivyo ukiwaambia watu wa mtaa mmoja wawachinje wa mtaa wa pili, bei yako ni sehemu moja ya ishirini ya bei ya kumkera mtu mmoja kwenye simu. Nani alikaa chini akapanga bei hizi? Alikuwa anaogopa nini alipokuwa akipanga? Si kuchinjwa, bila shaka. Hakuwa anaishi Kisumu Ndogo. Aliogopa kukerwa.

Maneno ya kifungu cha 27 yenyewe ndiyo yanayoniudhi zaidi ya faini. Kipengele cha kwanza kinazungumzia mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali yake. Hicho sina ugomvi nacho. Anayekutumia ujumbe kwamba atakuchomea nyumba, katika mtaa ambao moto wa nyumba moja huteketeza ishirini, mahali pake ni jela ya Industrial Area. Lakini kipengele cha pili kinasema ni kosa pia kuwasiliana kwa namna "inayomwathiri mtu vibaya". Basi. Hakuna zaidi. Na cha tatu kinaongeza mawasiliano yenye uchafu au ya kuudhi mno, yakimgusa mtu. Wala si lazima umwandikie yeye mwenyewe; ukimwandikia mtu anayemjua, inatosha. Wala si lazima uwe ulijua. Ikiwa ulipaswa kujua, inatosha pia.

Ni nini kisichomwathiri mtu vibaya? Mama mboga akiandika kwamba karani fulani alimtoza hongo, karani ameathirika vibaya, tena sana. Mwanafunzi akiandika kwamba hela za basari zimeliwa, mla basari ameathirika vibaya. Wananchi wa 2024 walipowa-"salimia" wabunge, yaani kusambaza namba zao za simu ili waamke na maelfu ya jumbe kuhusu Mswada wa Fedha, waheshimiwa waliathirika vibaya hadi wengine wakazima simu. (Kwa maoni yangu, namba ya mbunge ni mali ya umma, na ukimpigia usiku ni kwa sababu mchana hapokei. Lakini ukisambaza namba ya mwanawe aliye shuleni, umeshavuka, na sitakutetea.)

Sasa mrudie yule binti. Jioni ya siku ile tuliyotoka kituoni, aliketi kwenye kitanda chake akaandika ujumbe. Ulikuwa na jina la kijana, picha yake ya kawaida akiwa na jezi, na maneno machache: huyu ndiye aliyesambaza picha zangu, wasichana jihadharini naye. Akanionyesha kabla hajautuma. Mimi, kwa sababu nimesoma sheria, nikamwambia asiutume. Naam, mimi. Nilimweleza kwamba ujumbe ule ungemwathiri yule kijana vibaya, na kwamba kwa mujibu wa sheria za Jamhuri ya Kenya yule kijana, kwa picha nne, anakabiliwa na laki mbili, na yeye, kwa sentensi moja ya kweli, milioni ishirini. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaufuta.

Nani anaweza kusema nilitia chumvi? Mwaka 2015 kijana anayeitwa Geoffrey Andare alifikishwa kortini kwa maneno aliyoyaandika Facebook. Alikuwa amemkemea mtu akidai kwamba anawalaza wasichana wanyonge ndipo awape nafasi ya kusoma. Kama madai yalikuwa ya kweli au ya uongo, kesi ya madai ya kuchafuliwa jina ingetosha kuamua. Badala yake kijana akashtakiwa kama mhalifu, kwa kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, ambacho kiliharamisha ujumbe wa "kuudhi" na "wenye uchafu". Kumbukeni ni nani aliyetafutiwa pingu katika hadithi hiyo. Hakuwa mtu aliyetuhumiwa kuwadhulumu wasichana.

Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikitupa kifungu hicho, akisema hakieleweki, kinawaachia polisi na hakimu waamue kila mmoja kwa pua yake ni nini kinachonuka. Februari 2017 Jaji John Mativo akaitupa sheria ya kumchafulia mtu jina kama kosa la jinai. Tukadhani tumepumua. Mwaka mmoja baadaye Bunge likafukua kaburi, likamvisha maiti suti mpya yenye neno "kompyuta", na adhabu ambayo kwa Andare ilikuwa elfu hamsini au miezi mitatu ikapaa hadi milioni ishirini na miaka kumi. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbilia kortini, Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26 hata kabla havijaanza kutumika. Lakini Februari 2020 Jaji James Makau akaamua kwamba sheria iko sawa. Maiti akaanza kutembea.

Juni 2025 maiti huyo akafika Homa Bay. Tarehe 7 polisi walimchukua Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, nyumbani kwao. Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat, alikuwa amelalamika kwamba amechafuliwa jina kwenye mtandao wa X. Wakamleta Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita mia tatu, wakamfungia katika kituo cha Central. Kufikia kesho yake alikuwa maiti. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari waliopasua mwili, wakiongozwa na Dkt. Bernard Midia, wakakuta kichwa kilichoumizwa, shingo iliyokabwa na majeraha mwilini kote, wakasema hivyo sivyo mtu anavyojigonga.

Angalieni mafuta ya gari yalivyopatikana! Kwa binti wa Kisumu Ndogo, hatua mia tatu zilihitaji kitu kidogo. Kwa mkubwa wa polisi aliyekerwa, kilomita mia tatu na ushei zilipatikana mchana mmoja, na maafisa juu yake, na seli ikawa tayari. Hapo ndipo ujue kwamba suala la kuwa na sheria au kutokuwa na sheria si suala zima. Sheria ya jinai ni gari, na gari la nchi hii lina mwenyewe.

Watu sita, watatu kati yao polisi, walishtakiwa kwa mauaji ya Ojwang katika Mahakama Kuu ya Kibera. Walikana. Mahakama hiyo, kutoka kwangu unaenda kwa miguu. Kwa hivyo msituambie kwamba haya ni mambo ya watu wa X na makongamano ya hoteli. Yameletwa hadi mlangoni petu, na yule kijana wa picha tuliyekuwa tukimngoja kizimbani hakuletwa.

Majirani hawako mbali na sisi. Uganda walikuwa na kosa lao la unyanyasaji wa mtandaoni katika sheria ya 2011. Agosti 2019 mahakama moja ya Kampala ilimhukumu msomi Stella Nyanzi miezi 18 gerezani kwa kosa hilo. Na mnyanyaswaji alikuwa nani? Rais Yoweri Museveni, mwenye jeshi, redio na televisheni, aliyekuwa madarakani tangu 1986. Mwanamke mmoja aliandika shairi la matusi Facebook, na dola nzima ikalia kwamba imeonewa. Nyanzi alitolewa Februari 2020 baada ya kukata rufaa, akiwa karibu kumaliza muda wake. Nina hakika Kampala kulikuwa na mabinti waliosambaziwa picha katika miezi hiyo hiyo 18. Gari lilikuwa na shughuli nyingine.

Kuna jamaa atainua mkono aniulize: wewe wa Kibera, kwenu hamjui kutukanana ni vibaya? Tunajua kuliko yeye. Sisi ndio watu wa mchongoano. Watoto wa Kisumu Ndogo wanaweza kukaa juu ya reli saa mbili wakitukanana nyumba, viatu, ndevu za babu na sufuria ya mama, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. "Nyumba yenu ni ndogo hadi mkipika chapati mnaigeuzia kwa jirani!" Hilo ni tusi la kuudhi mno, linagusa mtu, na limetamkwa kwa kukusudia, liweke kwenye TikTok na umetimiza kipengele cha tatu. Waluo na Waluhya wa hapa hutukanana kwa ajili ya timu zao za mpira, Gor Mahia na AFC Leopards, wiki nzima, tena kwa maneno ambayo mhariri wangu hatayachapisha, na Jumatatu wanakopeshana chumvi. Pwani watu wameimbiana mipasho ya taarabu miaka na miaka, mwanamke anamtunza mwimbaji huku akimtazama mke mwenza machoni. Lugha hii ya Kiswahili ina vijembe kuliko visu.

Lakini mchongoano una mahakama yake. Mzazi aliyefariki hatajwi. Mtu aliyefiwa wiki hiyo haguswi. Aliyebakwa, hamtanii mtu. Mtoto anapovuka mstari huo, kundi lote hunyamaza ghafla, na kunyamaza huko kunauma kuliko kofi. Mtoto wa miaka kumi anajua tofauti kati ya utani, matusi na ukatili. Wabunge 349 na maseneta 67 wamelipwa mishahara mwaka baada ya mwaka na hawajaweza kuiandika.

Ikafika Oktoba 2025. Kulikuwa na marekebisho yaliyoletwa na Mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daudi Mohamed, ya kupanua kifungu cha 27 ili kimnase pia anayewasiliana kwa namna inayoweza kumfanya mtu ajiue. Rais William Ruto aliyatia saini tarehe 15. Siku hiyo Kisumu Ndogo hakuna aliyekuwa anasoma sheria. Raila Odinga alikuwa amefia India asubuhi hiyo, na watu walikuwa barabarani na matawi mikononi, wazee wamekaa chini kwenye vumbi kama watoto. Sisemi kwamba siku ilichaguliwa makusudi. Nasema tu kwamba tulipofuta machozi tukakuta kitanzi kimepanuliwa. Wiki moja baadaye, tarehe 22, Jaji Lawrence Mugambi alisimamisha sehemu za marekebisho hayo, baada ya mwanamuziki Reuben Kigame na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali, kwenda kortini.

Waheshimiwa walisema wanataka kuokoa maisha ya vijana. Ningewaamini zaidi kama nisingejua kwamba hadi Januari 2025 kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, na kwamba si Bunge lililokiondoa. Ni Jaji Mugambi huyo huyo aliyetangaza kwamba kinakiuka Katiba. Miaka yote hiyo binti aliyesambaziwa picha akameza sumu na kunusurika, dola ilikuwa na jibu lake: alitoka wodini akaenda kizimbani. Mlikuwa na nafasi ya kumhurumia kwa miaka sitini na zaidi. Mlikumbuka kumhurumia siku mlipogundua kwamba huruma hiyo inaweza kuwanyamazisha wanaowatukana nyinyi.

Sasa niseme ninachotaka, ili mtu asidai kwamba nimekuja kubomoa tu.

Vipengele vile viwili vya kuathiri vibaya na kuudhi mno vifutwe, visirekebishwe. Kukerwa kusiwe kosa la jinai. Mkubwa aliyechafuliwa jina aende kortini kama watu wengine, afungue kesi ya madai, alipe wakili, apande kizimbani aulizwe maswali kama kweli hakula hizo pesa. Mtaona malalamiko yatakavyopungua.

Kisha ule uzito wote wa miaka kumi uhamishiwe kifungu cha 37 na kwa vitisho vya kuua, kuchoma na kubaka. Anayesambaza utupu wa mtu ili kumwangamiza amefanya jambo la kimwili. Sijali kwamba alitumia kidole gumba. Wanaotuambia kwamba faini kubwa itawatisha wavulana wasio na akili, nawajibu kwamba wavulana hao wanajua bei. Yule wetu aliijua. Alipoambiwa kwamba tumeenda kituoni, aliwaambia wenzake pale kinyozi kwamba hiyo ni ya laki mbili, tena ukipatikana.

Lakini kuna wale wengine, na hapa sauti yangu inashuka kidogo. Picha nne hazikutembea zenyewe kutoka timu ya mpira hadi kwaya. Zilibebwa. Kwa maandishi ya kifungu cha 37 kila aliyezituma mbele ametenda kosa, na nikiwahesabu wa ploti yetu peke yao napata mtungi wa watu: mama wa watoto watatu, shemasi, mvulana wa miaka kumi na tano. Nilikuwemo katika kundi lile. Sikuzituma popote. Nilizifuta kwenye simu yangu nikanyamaza siku mbili nzima kabla sijaenda kumgongea mlango, kwa sababu nilikuwa naona haya, na haya yenyewe sijui nilikuwa nikimwonea nani. Tukiwafunga wote hao tutajaza jela kwa watu ambao kesho wangelia wakieleweshwa. Hao wapewe kazi ya jamii, wafagie kichochoro kile kile mchana kweupe huku binti akipita. Mtu wa kwanza, aliyefungua bomba, huyo aende ndani.

Tena binti asingoje kesi. Kifungu cha 27 kina jambo moja jema lililojificha chini kabisa, ambalo sijawahi kusikia mbunge akijisifia: mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mtesaji, hata nje ya saa za kazi, ombi lisikilizwe ndani ya siku 14, na kampuni ya simu iamriwe kutoa taarifa za mwenye laini. Ndiyo dawa yenyewe! Ila wameifungia kwa mtu ambaye tayari ameshtakiwa. Na kushtakiwa kunahitaji polisi, na polisi wanahitaji mafuta. Ifungueni. Binti aweze kuingia Mahakama ya Kibera na simu yake asubuhi, atoke na amri mchana, na hakimu awe wa kwanza na wa mwisho kuziona picha hizo.

Halafu kuna mwenye duka, yaani kampuni yenye mtandao wenyewe, ambaye sheria zetu zinampita kana kwamba ni mti wa barabarani. Kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2023 uchafu wa Facebook kwa sehemu kubwa ya Afrika ulikuwa ukichujwa hapa hapa Nairobi, na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama. Kampuni hiyo ilijivunia kuwatoa watu katika mitaa kama yetu na kuwapa kazi ya kompyuta. Kazi yenyewe kwa wachujaji ilikuwa kutazama watu wakichinjwa na watoto wakinajisiwa, kwa malipo ambayo jarida la TIME mwaka 2022 lilisema yalifika chini hadi dola moja na nusu kwa saa. Daniel Motaung, aliyefanya kazi hiyo, aliwashtaki waajiri na Meta, mwenye Facebook, mwaka huo huo. Meta ikajibu kwamba yenyewe si kampuni ya hapa, mahakama za Kenya hazina ubavu wa kuihukumu. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema ubavu upo. Na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema hivyo hivyo kuhusu kesi ya Abrham Meareg, Mwethiopia ambaye babake, profesa, aliuawa Novemba 2021 baada ya kuandamwa kwenye Facebook kwa kutajwa jina na anakoishi. Mwana anasema waliiomba kampuni iziondoe jumbe hizo, ikachelewa hadi mzee akafa.

Linganisheni. Kijana mwenye bando la shilingi ishirini ana kifungu chake, adhabu yake na seli yake, vyote vimeandikwa kwa herufi kubwa. Kampuni inayoingiza mabilioni kwa kuhakikisha kwamba picha iliyoanza na watu kumi na mmoja inawafikia elfu kumi na moja kabla ya jua kutua, imechukua zaidi ya miaka miwili kukubaliwa tu kwamba inaweza kuitwa kortini. Mheshimiwa anayetaka kweli kupambana na ukatili wa mtandaoni aanzie hapo, alete mswada unaoipa kampuni saa chache za kuondoa picha ya utupu iliyolalamikiwa, na faini ya milioni ishirini kwa kila siku inayozidi. Hiyo milioni ishirini hatimaye itakuwa imepata mtu wa kuilipa.

Yule binti alihama. Hakuweza tena kupita steji. Alipata chumba mtaa wa Kawangware, upande unaoitwa Congo, akabadilisha laini ya simu, akasuka nywele tofauti. Shuka lenyewe alilichoma moto nyuma ya choo, nikiwa nimemshikia kiberiti. Mkokoteni ulibeba godoro lake Jumamosi mchana, mimi nikitembea nyuma nikishikilia jiko lisianguke. Jumapili asubuhi alitoka kununua maziwa na mkate kwenye duka la jirani, mahali ambapo alikuwa hajakanyaga hata siku moja. Mwenye duka alimhesabia chenji polepole, akamtazama, akatabasamu.

"Karibu mtaani, Maua."